Lugha ya Fundi Ledio

Neno la Kiswahili ambalo fundi alilitumia kuliko yote ni "bado". Ukimuuliza kama redio yako imepona, bado. Ukimuuliza kama amekula, bado. Na ukikaa kwenye kibenchi chake, ukakunja ulimi mpaka taya likauma, ukatamka neno lake vilevile alivyokuelekeza, kisha ukamtazama usoni ukitegemea walau atabasamu, alikuwa anarudisha macho kwenye redio iliyo wazi mapajani mwake na kusema, taratibu kabisa, "Bado, mwalimu." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Kutwa nzima nawasahihisha watoto wa watu, halafu jioni nakwenda mwenyewe kusahihishwa na fundi redio. Mpaka leo nikifikiria najikasirikia.

Kibanda chake kilikuwa Manundu, hapa Korogwe, mkabala na chumba nilichopanga nilipohamishwa kutoka kwetu Kwaluguru, upande wa Handeni. Kibanda cha mabati, meza moja, redio zilizofunuliwa matumbo, na sabufa za vijana zilizoungua kwa kufunguliwa sauti mpaka mwisho. Habari za kwao na ukoo wake siingii humo. Mwenyewe hakupenda kuulizwa, na mimi nilikuwa na mambo mengine ya kugombana naye.

Niseme mapema ninachotaka kukieleza, maana watu wa Manundu wanakisema vibaya. Wanasema fundi alichanganyikiwa akawa anaongea peke yake. Hakuchanganyikiwa. Fundi alikuwa anatengeneza lugha. Hakuwa anajifunza lugha ya mtu, alikuwa anaunda ya kwake, neno baada ya neno, na alikuwa anaongea peke yake kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuongea naye. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma, na ndilo lililonikalisha kwenye kile kibenchi hata baada ya kuchoka.

Mambo yalianzia kwenye masafa mafupi. Redio ikishapona, fundi hakuikabidhi kabla ya kuzungusha bendi nzima polepole, sikio limelala kwenye spika. Mteja amesimama, bodaboda inamsubiri, fundi anasikiliza stesheni ya mbali ambayo hakuna mtu Korogwe anayejua inasema nini. Katika kuzungusha huko, miaka nenda miaka rudi, zikamnasa lugha mbili. Majina yake hakuyajua. Moja aliiita ya baridi: neno linaanza kwa nguvu halafu linajivuta, herufi inasimama kidogo njiani kana kwamba imesahau kitu, kisha inaendelea. Nyingine aliiita ya moto: hiyo inabingirika haraka, ulimi unakunjwa nyuma kule juu, na katikati kuna sauti ambayo si l wala si r. Aliniambia kwamba ya baridi ilimfanya atulie na ya moto ilimfanya atake kusimama, na kwamba siku moja aliwaza zingeoana zingezaa nini.

Simu za kupangusa zilipotufikia, nikamtafutia. Ya baridi ni Kifini, ya moto ni Kitamil. Nilidhani namfanyia jambo kubwa. Nikampata mwanamke wa Kifini anayefundisha wageni, nikamwekea fundi simu sikioni, akafumba macho kwa raha mpaka nami nikaona raha. Akaniuliza anasema nini. Tafsiri ilikuwa pale chini kwa Kiingereza, nikamsomea kwa kuungaunga: anauliza kikombe cha kahawa ni bei gani.

"Zima," fundi akasema.

Akawa anakwaruza kutu kwenye kisanduku cha betri. Baadaye akasema miaka yote ile alikuwa anasikia jambo kubwa, kumbe ni kahawa. Tangu hapo hakutaka tena kujua maana ya chochote kinachosemwa na watu wale. Sauti atachukua kwao, maana ataweka mwenyewe. Nikamwambia wenzake wanajifunza lugha za watu wanapata kazi ya kuwatembeza watalii huko Lushoto, na yeye ana sikio la ajabu, kwa nini asijifunze lugha yenye wenyewe? Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na tatizo.

Sasa sikilizeni masharti ya lugha yenyewe, ndipo mtaelewa kwa nini nilikuwa narudi nyumbani nimekunja uso. Kwanza, mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, siku zote. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo nalifundisha mwenyewe ubaoni na liko kwenye damu ya kila mtu kutoka Mombo mpaka Mkata. Pili, kuna herufi za kupita na herufi za kusimama. Ukisimama pasipotakiwa, neno limegeuka. Tatu, kuna u inayosemwa huku midomo ikijifanya inapiga mluzi na ulimi ukijifanya unasema i, na hiyo haikubali kukaa neno moja na a. Nne, kuna l tatu. Kwetu Uziguani l na r tu zinatosha kutupatia shida, fundi akatuongezea ya tatu ya kukunja ulimi. Tano, na hapa ndipo tuliposhindwa wote, maneno yake mengi yanaishia kwenye konsonanti. Mdomo wa mtu wa huku haujui kulifunga neno bila kuliwekea irabu. Ndivyo tulivyopata basi, kilabu na hoteli. Ukitupa "hollum", ambalo ni mvua inayoshuka, tunakurudishia "hollumu", na ukishaongeza hiyo u mkazo nao unahama, unakwenda kwenye "lu", na fundi anasema bado.

Kila kitu kingevumilika kama asingekuwa na roho mbili. Mtu huyu, ambaye alikuwa anasikia tofauti ya pumzi katika neno lake, kazi yake mwenyewe aliiita "ledio". Fundi ledio. Alisema ledio, antena ya ledio, betli ya ledio. Siku moja nikamshika hapohapo. Nikamwambia fundi, unanisumbua kwa l tatu wakati l na r za Kiswahili zinakushinda, hiyo ni redio, sema re. Hakutahayari hata kidogo. Alisema Kiswahili ni cha watu wengi, hata akikiumiza kuna watakaokiuguza. Hii ya kwake ina mtu mmoja, akikosea yeye imekosea yote.

Jibu lilikuwa na hoja, lakini halikunifurahisha. Mtu akikushinda kwa hoja halafu aendelee kukosea, unabaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Lugha yake haikuwa na salamu. Nilipomuuliza mtu anaanzaje mazungumzo, alisema kwenye redio huwakuti watu wakisalimiana, unakuta wameshaanza. Kwa hiyo lugha yake nayo inaanzia katikati. Unamfikia mtu na kumwambia moja kwa moja ulichonacho: mvua imefika, mbuzi amekata kamba. Nikamwambia hapa Korogwe ukimwingilia mtu mzima bila shikamoo na kumwambia mbuzi amekata kamba, atakuona huna adabu. Lakini yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, alikuwa mtu wa salamu ndefu kupita kiasi. Aliuliza habari za nyumbani, za shule, za watoto wa shule, za mama yangu Kwaluguru na magoti yake, na hakugusa redio yako mpaka umejibu yote.

Marehemu mkewe hakuitaka ile lugha hata kuisikia. Mama yule alikuwa Mshambaa wa Magoma, mwenye shamba lake la mpunga na maneno machache. Aliniambia siku moja, akichambua mchicha mlangoni, kwamba mumewe alimfundisha neno la maji, akalitamka, akaambiwa bado. Akalitamka tena, akaambiwa bado. "Nikamwambia baba, mimi Kishambaa kinanitosha, na Kiswahili nakuongezea wewe. Ukitaka maji kwa hiyo lugha yako, kisima kile pale." Alisema bila kucheka. Naye fundi alipotaka maji nyumbani mwake aliyaomba kwa Kiswahili mpaka mama yule alipofariki.

Vijana wa bodaboda walikuwa afadhali, maana wao walijaribu kwa kutaka mzaha. Neno "annavel", yaani sikiliza, waliliokota wakiwa wanasubiri sabufa zao. Lakini Mswahili akisikia "annavel" anasikia "ana veli", na akisikia ana veli lazima aulize nani ana veli, na veli ni kitu gani. Basi wakakubaliana wenyewe pale kijiweni kwamba veli ni abiria. Ikawa asubuhi wanaulizana, leo umepata veli ngapi? Oyaa, mwachie veli wake. Fundi anapita kwenda msikitini anasikia neno lake limekatwa vipande viwili na kile cha mwisho kinapandishwa pikipiki. Nilimwambia huo ndio ushindi, neno lako linatumika, lugha zote zimekua hivyo, hata Kiswahili chenyewe. Alisema mimi nikiibiwa kanzu na mwizi akaikata matambara ya kudekia, nitafurahi kwamba kanzu yangu inatumika?

Nilitaka kuyaandika maneno yake. Nilimweleza kwa upole kwamba yasipoandikwa yatapotea, kwamba mtu ana siku zake. Akakataa katakata. "Ukiandika utasoma," alisema. "Na wewe ukisoma, mwalimu, unasoma Kiswahili." Alikuwa na haki, kwa sababu hata hapa ninapoyaandika najua ninyi mnaosoma mnayatamka vibaya, na sina la kuwasaidia. Lakini ni haki ya aina gani hiyo, inayomwacha mtu na lugha nzima kichwani na mlango umefungwa?

Siku niliyomuuliza anataka nini hasa, alinijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Hakukuwa na wateja. Alikuwa anachomelea waya, moshi mwembamba unampanda puani, akasema bila kuniangalia:

"Maisha yangu yote nasikiliza watu wakijibizana kwenye ledio. Huyu anasema, yule anajibu, wanacheka. Hakuna hata mmoja anayesema na mimi. Nataka siku moja niseme neno na mtu anijibu."

Nikamwambia mbona kutwa watu wanamjibu. Akasema kwenye Kiswahili watu wanamjibu shida zao: imepona, haijapona, punguza bei. Neno ambalo amelitoa yeye, toka mwanzo, hakuna aliyewahi kulijibu. Na alivyolisema, kwa unyonge ambao sikuuzoea kwake, nikajikuta nimeapa moyoni kwamba nitakuwa mimi. Hilo ndilo lililonifunga pale.

Na nilijitahidi. Nilitembea kwenda shuleni nikisema hollum, hollum, nimeziba midomo mwishoni ili ile u isitoroke. Walimu wenzangu walinicheka ofisini. Nilijifunza "neettilan", yaani imefika, na jinsi ya kukaa juu ya "nee" bila kuteleza. Nilijifunza "kittal", neno alilolipenda kuliko yote: ule ukimya ulio kati ya stesheni mbili, unapokuwa umeshaondoka kwa hawa na hujawafikia wale. Ukiwa mwingi, unavuta ile i ya mwanzo, "kiittal". Kwa sikio langu hakukuwa na tofauti yoyote. Kwake ilikuwa sawa na tofauti ya mbuzi mmoja na zizi zima.

Basi alasiri moja, kibanda kimejaa wateja, nikaona leo nitamfurahisha mbele za watu. Nilikuwa nimetoka kusimamia mtihani, darasa lilikuwa kimya mno, na nikataka kumwambia kwa lugha yake kwamba leo nimepata ukimya mwingi wa aina ile. Nikavuta pumzi, nikaweka mkazo mwanzoni, nikafunga mdomo mwishoni. Nikasema "vittal".

Mnaelewa nilichokifanya? Kitabu, vitabu. Kisima, visima. Kittal, vittal. Ki ya fundi nimeiona ki ya Kiswahili, nikaiwekea wingi wake, mimi mwalimu wa ngeli, bila hata kufikiri. Kijana mmoja wa bodaboda akadaka palepale, akasema basi mimi nipe kitali kimoja tu, mwalimu amebeba vyote. Watu wakacheka, na nikiri hata mimi nilicheka, maana lilikuwa kosa zuri.

Fundi hakucheka. Aliweka chini kifaa chake cha kuchomelea. "Mwalimu," akasema, "neno langu umelivalisha kanga." Akaanza kufunga mabati ya dirisha, jua bado liko juu na watu wana redio zao mle ndani.

Hapo nikashikwa na hasira ya miaka yote. Nilimfuata nje, nikamwambia kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia:

"Fundi, wewe hutaki kujibiwa. Mimi nimekwambia jambo. Nimekwambia darasa langu lilikuwa kimya. Umesikia herufi tu. Mtu akikujibu humsikii anachosema, unasikia alipokosea."

Aliendelea kufunga komeo. Sikurudi kwenye kile kibenchi. Tulisalimiana, shikamoo, marahaba, magoti ya mama vipi, na kila mtu akaenda zake. Nilijiona nimepumzika, na nilikuwa na kinyongo kila nilipopita pale.

Masikio yake yalianza kuharibika wakati huohuo tuliokuwa hatuongei, kwa hiyo niliyajua kwa kusikia kutoka chumbani kwangu. Redio alizokuwa anazijaribu zikawa zinalia kwa nguvu mpaka mwenye nyumba wetu akaenda kulalamika. Fundi alisema betri za siku hizi ni dhaifu. Baadaye akasema spika za siku hizi ni karatasi mbovu. Wateja wakaanza kurudishiwa redio nzima wakiambiwa haijapona, wanaifungua barabarani inaimba. Wakahamia kwa kijana wa stendi. Nilipokwenda kumwona hatimaye, nikampa shikamoo nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Nikarudia. Nikaondoka bila yeye kujua nilikuwepo, nikalia chumbani kwangu kwa hasira, maana nilimkasirikia hata kwa hilo. Binti yake akaja na gari dogo la mizigo akamchukua Handeni, na kibanda kikawa cha chipsi.

Mwaka huu nilikwenda Kwaluguru kumwangalia mama, na wakati wa kurudi nikashuka Handeni mjini, Chanika, nikauliza nyumba ya binti yule. Anafanya biashara ya mahindi, watu wanamjua. Alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka barazani, akaniambia mzee yupo nyuma ila hasikii kitu kabisa sasa. Yeye anamwandikia kwenye simu kwa herufi kubwa. Akaniambia pia kwa kunong'ona, ingawa hakukuwa na haja ya kunong'ona, kwamba kutwa anaongea kile kilugha chake, na watoto wa jirani wanamwogopa.

Nilimkuta kwenye kigoda, mgongo ukutani. Alinitambua palepale. Nilimpa shikamoo, akaisoma mdomoni, akaitikia marahaba kwa sauti kubwa kupita kiasi, kisha akaanza kuuliza habari za mama na magoti yake bila kusubiri majibu, kwa kuwa yasingemfikia. Binti alituletea chai ya tangawizi. Halafu fundi akaanza kuongea ile lugha, akitazama ukuta wa jirani.

Nilikuwa nimejiandaa kuikuta imeharibika. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kila herufi ya kusimama ilisimama, l zote tatu zilikaa mahali pake, na maneno yalifungwa mwishoni bila irabu ya kuazima. Ilikuwa nzuri. Sikuwahi kumwambia kwamba ni nzuri, na nilipotaka kumwambia ndipo nikakumbuka kwamba hasikii. Nikapandwa na hasira mpya, sauti safi namna ile inapotea ukutani na aliyeijua amekuwa kiziwi na hakutaka iandikwe. Niliitoa simu nimwandikie hivyo kwa Kiswahili. Akaisukuma simu pembeni kwa nyuma ya mkono.

Aliingiza mkono chini ya kigoda akatoa spika, spika tupu isiyo na boksi, ya sabufa. Kwa kuwa hasikii, sasa anazipima kwa vidole, kama zimepasuka au la. Alinielekezea upande wa mdomo, ile karatasi nyeusi iliyobonyea. Kwa nyuma vidole vyake alivipitisha kwenye matundu ya chuma mpaka vikagusa karatasi.

"Sema humo," akaniambia.

Niliiinamia karibu kabisa, nikahisi harufu ya vumbi na gundi. Jana yake mvua ilikuwa imenyesha Kwaluguru, ya kwanza baada ya watu kukata tamaa na mahindi yao, na hilo ndilo lililonijia. Nikasema hollum neettilan. Mvua imefika. Nililisema vibaya, nalijua, kwa sababu u ilinitoka mwishoni mwa hollum na mkazo ukaniponyoka ukaenda kukaa pale unapokaa siku zote kwa watu wetu. Niliinua uso nikisubiri.

Vidole vyake vilibaki kwenye karatasi muda kidogo. Niliuona uso wake ukifanya kazi, ukipima. Kisha akaangalia juu, mbinguni, akaangalia upande wa kusini ambako ni kwetu, na akanijibu. Hakunisahihisha. Alisema "orveelun", na mwishoni akainua nyusi, kama mtu anayesubiri uendelee.

Neno hilo sikulijua. Miaka yote ile tulikuwa tunakwama kwenye mvua imefika, tukishika l na kuachia u, hatukuwahi kufika mahali ambapo mtu anauliza kitu na mwenzake anajibu. Huenda aliuliza kama ni nyingi. Huenda aliuliza kama mama yangu ameshapanda. Na sikuwa na neno la kumuuliza ni nini amesema, kwa sababu hilo nalo hakuwahi kunifundisha. Simu ilikuwa mapajani, ningeweza kumwandikia. Sikuigusa.

Nikainamia tena ile spika, nikalirudisha neno lake lilelile, orveelun, kwa sauti ya kuuliza, kwa namna yangu, mkazo popote utakapoangukia.

Fundi akacheka, kicheko cha mtu aliyejibiwa, akavuta kigoda karibu na kuanza kuongea. Aliongea kuhusu mvua, nadhani, maana neno hilo nililisikia likipita mara kwa mara, na kuhusu mambo mengine mengi ambayo sitayajua kamwe. Kila alipofika mahali pa kuinua nyusi alinisogezea spika, nami nikamrudishia neno lolote lililokuwa la mwisho mdomoni mwake. Chai ikapoa. Binti akaja mlangoni akasimama na taulo la kufutia vyombo. Sikuelewa hata neno moja kati ya kumi, nilikuwa nimekasirika kwamba yote hayo yanapotea, na sikumkatiza.